Chokaa inayopasua mwamba bila mlipuko

Anayeishi karibu na timbo anajua: baruti ikilipuka, nyumba hutikisika, vumbi huingia hadi jikoni na wenye kuta dhaifu huanza kuhesabu nyufa. Ipo njia ya kupasua mwamba bila mshindo, na asili yake si ngeni hapa Pwani. Ni chokaa.

Hutengenezwaje?

Jiwe la chokaa, au matumbawe, likichomwa kwenye tanuu kufikia nyuzi 900 hivi za selsiasi, hutoa hewa ya kaboni na kubakisha chokaa hai. Kilo 100 za jiwe safi hubakisha kilo 56 tu. Jiwe huiva kutoka nje kwenda ndani, kwa hivyo pande kubwa huchelewa, na mwenye haraka huambulia kiini kibichi.

Chokaa ya waashi huchomwa kwa kiasi ili izimike upesi ikitiwa maji. Ya kupasulia huchomwa kwa joto kali zaidi, chembe zake zikashikamana na kunywa maji polepole. Kisha husagwa na kutiwa viungo vya kudhibiti kasi.

Hupasuaje?

Fundi hutoboa matundu kwa mpangilio, huchanganya unga na maji, karibu theluthi moja ya uzito wake, na kumimina. Chokaa ikizimika hufura, na kwa kuwa imebanwa, husukuma kuta za tundu kwa nguvu inayoweza kupita kilo 300 kwa kila sentimita mraba. Mwamba ni mgumu kuuponda, lakini ni mwepisi kuuvuta ukatengana. Baada ya saa kadhaa, ufa huunganisha tundu na tundu.

Tahadhari

Kutokuwa na mlipuko si kutokuwa na hatari. Joto huharakisha kila kitu: jua letu la mchana, maji ya moto au unga usiofaa hali ya hewa vinaweza kufanya mchanganyiko uchemke na kufyatuka kutoka tunduni. Chokaa hiyo huunguza jicho, hata kupofusha. Vaa miwani ya kinga na glavu, usichungulie tundu lililojazwa, na watoto wakae mbali. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi mfululizo huku ukipelekwa hospitali.

Unga huu ni ghali na ni wa polepole kuliko baruti. Lakini pale timbo linapopakana na nyumba za watu, wakazi wana haki ya kuuliza: je, njia hii imefikiriwa?