KANZU YA YUSUFU ILISHONWA MARA NGAPI?



Wengi wenu mlikuwa ndani ya sale kubwa ile siku ya posho, mwisho wa mwaka wa masomo uliopita, tulipoonyesha mchezo wa nyimbo juu ya Yusufu na ndugu zake. Basi mnakumbuka. Ndugu zake walimkamata ili wamvue kanzu yake ya rangi nyingi na kumtupa shimoni. Wakavuta, kanzu ikakataa. Ilikuwa na vifungo saba nyuma ya shingo, vidogo kama punje za mahindi. Yuda akavuta mkono wa kuume, Simeoni akavuta wa kushoto, Yusufu akaanza kukohoa kweli kweli, na watu wakacheka mpaka kwaya ikapoteza wimbo.

Kesho yake, siku ya Mungu nyuma ya ibada, tulicheza tena mbele ya wazazi. Safari hii kanzu ilitoka kwa mvuto mmoja tu. Wazazi walinyamaza kimya, na mama mmoja wa mstari wa mbele akapangusa macho. Usiku ule wote wasichana wa kushona walikuwa wamekaa na taa, wakafungua kanzu kwa mbele na kuweka utepe mmoja.

Lakini wenzetu wengine walisemaje? Walisema: «Si mnaona? Walishindwa kushona, ndiyo maana wamegeuza kwa siri.» Neno lile lilizunguka katika mabweni yote. Msichana mmoja aliyekata kanzu ile kwa mkono wake alituletea makasi ya kikundi na kusema: «Apana, za mchezo sishoni tena.» Na sasa mchezo wa mwaka huu unakaribia. Mwaka uliopita washonaji walikuwa tisa. Mpaka leo wanne tu wameandika majina yao.

Ndiyo maana tunaandika makala hii. Tunataka kueleza namna nguo za mchezo wa nyimbo zinavyogeuka, mbele ya siku ya kufungua na nyuma yake, hata kwa watu wakubwa wenye feza nyingi. Kisha kila mmoja aamue kama kugeuza nguo ni haya ao ni kazi yenyewe.

1. NGUO INAZALIWA KWENYE KARATASI

Katika miji kama London na New York, mchezo mkubwa wa nyimbo una mtu wake wa kuchora mavazi. Anasoma hadisi, anasikiliza nyimbo, anazungumza na mwongozi wa mchezo, kisha anachora. Mchoro ni mzuri kila mara, maana karatasi haitoki jasho, wala hairuki, wala haiimbi.

Baadaye mafundi wanashona nguo ya kupima kwa kitambaa cha bei ndogo, sawa amerikani yetu. Mchezaji anaivaa, wanatia alama, wanapunguza, wanaongeza. Ni baada ya hapo tu wanakata kitambaa cha bei. Na hata hapo kazi haijaisha. Kuna mazoezi ya jukwaani pamoja na taa na nguo zote. Kisha, kule New York, kuna maonyesho ya kujaribu: watu wanalipa na kuingia, lakini mchezo haujafunguliwa rasmi. Maonyesho hayo huchukua majuma kadhaa. Mchana wanatengeneza, usiku wanacheza. Siku ya kufungua ikikaribia, mwongozi anasema: sasa inatosha, tusiguse tena.

2. SABABU ZINAZOGEUZA NGUO MBELE YA KUFUNGUA

Ya kwanza ni mwangaza. Rangi ya kitambaa inategemea taa inayokipiga. Chini ya taa ya manjano, zambarao inakufa na kuwa kama nyeusi. Chini ya taa nyekundu, majani mabichi yanakuwa giza. Ninyi mliokaa nyuma siku ya posho mliuliza: «Rangi nyingi ziko wapi?» Zilikuwapo. Taa zetu ndizo zilizozila.

Ya pili ni mwili. Mtu anayecheza dansi anainua mikono, na nguo isiyo na nafasi kwapani inapasuka ao inamfunga. Anayeimba anahitaji kifua na shingo vilegee. Mshipi mzuri wa kubana unaweza kuiba sauti yake.

Ya tatu ni saa. Pengine mchezaji anatoka jukwaani kama maskini na kurudi kama mfalme, na wimbo unaoendelea ni mfupi sana. Hapo vifungo vidogo havifai. Mafundi wanaacha vifungo vile juu kwa uzuri tu, lakini chini wanaficha kitu kinachofunguka kwa mkono mmoja. Kama tungalijua hilo mapema, Yusufu hangalikohoa.

Ya ine ni mchezo wenyewe. Wimbo ukikatwa, nguo za wimbo ule zinaondoka nao, hata kama zilishonwa vizuri sana.

3. KINYAGO KILICHOKATWA NUSU

Tuchukue mfano mmoja unaojulikana. Mwaka 1986, tarehe 9 ya mwezi wa kumi, London ilifungua mchezo wa nyimbo The Phantom of the Opera. Hadisi yake inatoka katika kitabu cha Mfaransa Gaston Leroux: mtu mwenye uso ulioharibika anajificha chini ya nyumba kubwa ya opera ya Paris, na anavaa kinyago. Mchoraji wa mavazi na wa jukwaa alikuwa mama mmoja, Maria Björnson.

Mawazo ya kwanza yalikuwa kinyago cha uso mzima. Ni jambo la akili: mwenye kuficha uso anauficha wote. Lakini mtu yule anaimba. Kinyago kikifunika kinywa, sauti inafungwa. Kikifunika uso wote, watu hawaoni huzuni wala hasira. Basi kikakatwa, kikabaki cha nusu, upande mmoja wa uso. Upande wa pili ukabaki wazi ili kinywa kiimbe na jicho liseme.

Jambo la kuchekesha ni hili: picha ya tangazo ilikuwa imetengenezwa mapema, na inaonyesha kinyago cheupe chenye macho mawili. Mpaka leo picha ile ndiyo alama ya mchezo ulimwenguni pote, lakini jukwaani watu wanaona cha nusu. Tangazo limehifadhi wazo la zamani, jukwaa limeshika wazo jipya. Je, kuna mtu aliyesema mama Björnson alishindwa? Hata kidogo. Mwaka 1988 Marekani ilimpa tuzo mbili za Tony, moja ya mavazi na moja ya jukwaa. Mchezo ule ulichezwa New York mara 13.981 mpaka ulipofungwa tarehe 16 ya mwezi wa ine, 2023.

4. SIMBA NA BUIBUI

Mfano wa pili unatugusa zaidi, maana majina yake ni ya lugha yetu: Simba, Rafiki, Sarabi. Mchezo wa The Lion King ulitoka katika sinema ya mwaka 1994. Aliyeuongoza na kuchora mavazi yake ni Julie Taymor, na vinyago alivitengeneza pamoja na Michael Curry. Katika ujana wake mama huyu alikaa miaka Indonesia, inchi yenye desturi kubwa ya vinyago na vikaragosi.

Shida ilikuwa hii: mtu atakuwaje simba? Ukimfunika mwili mzima kwa manyoya, uso wake unapotea. Taymor hakutaka kumficha mtu. Aliweka kinyago juu ya kichwa, uso wa mchezaji ukabaki chini yake, ili watu waone mnyama na mtu kwa pamoja. Kinyago cha Mufasa na cha Scar vinaweza kushuka mbele ya uso wakati wa hasira, kisha kurudi juu. Lazima viwe vyepesi sana: cha Mufasa kina uzito wa karibu gramu 310 tu, na cha Scar karibu 200. Lakini nguo ya Pumbaa, ngiri, ni karibu kilo 20, na aliyeivaa anaimba na kuruka nayo! Kilo ishirini, ndugu. Ni ndoo ya maji iliyojaa.

Hawakukimbilia New York. Walianza mji wa Minneapolis, mwezi wa saba 1997, mbali na macho makali. Wakajaribu na kurekebisha huko, kisha wakafungua New York tarehe 13 ya mwezi wa kumi na moja mwaka uleule. Mwaka 1998 Taymor alipata tuzo ya mavazi na tena tuzo ya kuongoza mchezo wa nyimbo, mwanamke wa kwanza kuipata hiyo ya pili.

Sasa sikieni upande mwingine. Mama huyu huyu aliongoza baadaye mchezo wa Spider-Man, mtu-buibui, uliogharimu karibu dola milioni 75. Mavazi yalichorwa na Eiko Ishioka wa Japani. Maonyesho ya kujaribu yalianza tarehe 28 ya mwezi wa kumi na moja, 2010, na badala ya majuma machache yakaendelea miezi zaidi ya sita. Mwezi wa tatu 2011 Taymor aliondolewa kazini. Mchezo ukasimamishwa majuma matatu hivi, ukageuzwa sana. Kulikuwa na wimbo wa wanawake-buibui wenye miguu mingi, na miguu ile imevikwa viatu. Wimbo ule ukatolewa, na miguu na viatu vikaenda nao. Ulifunguliwa tarehe 14 ya mwezi wa sita 2011, na ukafungwa mwanzoni mwa 2014.

Basi hata mwenye tuzo anaweza kuambiwa: hii iondoke. Feza nyingi hazizuii kitambaa kukataa. Tofauti ni kwamba wao walijaribu mbele ya kufungua.

5. NYUMA YA KUFUNGUA

Wengine wanafikiri siku ya kufungua ni mwisho wa sindano. Siyo. Mchezo unaochezwa mara nane kwa juma unakula nguo: jasho, kufua, kukanyaga pindo. Kila usiku kuna watu wa mavazi nyuma ya jukwaa, na uzi na sindano tayari. Tena wachezaji wanabadilika. Mrefu anaondoka, mfupi anaingia. Kinyago cha nusu cha yule wa opera kinatengenezwa upya kwa kupima uso wa kila mchezaji mpya, maana nyuso hazifanani.

Mchezo ukienda mji mwingine, jukwaa ni jingine, na nguo zinafwata. Kwa hiyo ile nguo unayosema «ndiyo yenyewe» pengine imekwisha kushonwa mara kumi. Kinachobaki ni wazo la mchoraji, siyo uzi.

6. NA SISI JE?

Hapa tunapaswa kusema neno ambalo hatukulisema mwaka uliopita.

Juu ya nini vifungo vile saba havikuonekana mbele ya siku ya posho? Kwa sababu kanzu haikuvaliwa mazoezini hata mara moja. Na juu ya nini haikuvaliwa? Kwa sababu ilikuwa ndani ya sanduku, na ufunguo wa sanduku ulikuwa kwetu sisi kapita. Wasichana wa kushona walikuja mara mbili kuomba Yusufu aipime pamoja na ndugu zake. Tuliwajibu: «Apana, mtaichafua, ngojeni siku yenyewe.» Wazee wanasema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi ndio tuliokataza watu kulala. Na neno lile la kuwacheka lilipozunguka mabwenini, tulilisikia, tukanyamaza. Pengine tulicheka pia.

Kwa hiyo haya yote hayakuwa makosa ya washonaji. Wao walifanya kwa usiku mmoja kazi ambayo New York inafanya kwa majuma. Tunawaomba radhi, na zaidi tunamwomba radhi yule aliyerudisha makasi. Makasi iko kwetu. Hatujampa mtu mwingine.

Tumeongea na Mama mwalimu wa kushona na Bwana Prefe, na kwa mchezo wa mwaka huu tumesikilizana hivi:

a) Kila nguo kubwa itashonwa kwanza kwa amerikani na kuvaliwa na mchezaji mwenyewe, akiimba na kucheza, siyo akisimama kama mti.

b) Kutakuwa na mazoezi mawili yenye nguo zote, usiku, mashini ya umeme ikiwaka na taa zilezile za siku ya mchezo.

c) Nyuma ya kila onyesho, washonaji na wachezaji watakaa pamoja na daftari moja na kuandika: nini kilifunga, nini kilipasuka, nini hakikuonekana. Kugeuza kutaandikwa wazi, kusiitwe tena siri.

d) Ufunguo wa sanduku utakaa kwa washonaji.

Sisi wa darasa la sita tunakwenda. Mbele yetu kuna Ekzameni ya Serikali, na kanzu ya Yusufu itabaki hapa kwa ninyi wadogo zetu. Mtakaomvika Yusufu mwingine, mtamkuta ni mnene ao mwembamba kuliko wetu. Msiogope kufungua mshono. Na mtakapoona mwenzenu anafungua alichokishona jana ili kesho kiwe kizuri zaidi, msimcheke. Mshikieni taa.

Majina ya washonaji yanaandikwa kwa Mama mwalimu mpaka siku ya tano ya juma hili. Na wavulana wanaojua sindano wanakaribishwa.

Kapita mkuu wa wanafunzi, darasa la sita