Ukilala Kisumu, Tazama Neti Kabla ya Kuuliza Bei

MSOMAJI, ukishuka basi mjini Kisumu saa mbili usiku, mifupa ikikuuma kwa safari ya kilomita karibu 350 kutoka Nairobi, huwi na maswali mengi. Unataka kitanda, maji ya kuoga na mlango unaofungika. Ukiyapata hayo matatu kwa bei isiyoumiza mfuko, unalipa, unapokea ufunguo na kwenda kulala. Hivyo ndivyo wafanyavyo wengi wanaosafiri kikazi, na hivyo ndivyo nilivyofanya mimi.

Gesti yenyewe ilikuwa mtaani Migosi. Lojing'i za karibu na steji zilikuwa zimejaa, nayo iliyobaki ilikuwa juu ya baa yenye muziki wa kutikisa madirisha. Kijana wa bodaboda akanitazama, akanihurumia. "Twende Migosi, mzee. Huko utalala," akasema. Hakunidanganya. Migosi, jirani na Kondele, ni mtaa wa watu wanaokaa na familia zao, na usiku husikii ila mbwa na redio ya mlinzi.

Nilipewa chumba cha orofa ya kwanza. Kitanda kipana, meza, kiti, taulo iliyokunjwa vizuri, sabuni ndogo na televisheni. Juu ya kitanda ilining'inia neti ya samawati iliyofungwa fundo kama mzigo wa muuza mitumba. Nilipoifungua niliona tundu la kupitisha ngumi, na isitoshe ilikuwa imeshonewa kitanda chembamba kuliko kile, kwa hivyo upande wa ukutani haikufika godoroni. Nikaifunga tena fundo lake. Joto lilikuwa jingi, nikaacha dirisha wazi, nikalala fofofo. Baada ya usiku wa pili nilirudi Nairobi.

Sikufanya hivyo kwa kutojua. Nilizaliwa na kulelewa kando ya Ziwa Victoria, na nilipokuwa mtoto niliugua malaria mara nyingi kiasi kwamba nyumbani haikuhesabiwa kuwa ugonjwa. Nilijiambia kuwa mtoto wa ziwa hatishwi na suna, kama tumwitavyo mbu kwa Kijaluo. Kiburi hicho ndicho kilichoniponza, na naamini kinawaponza wengi wanaoishi Nairobi, Nakuru au Eldoret na kwenda ziwani kwa kazi, kwa harusi au kwa mazishi.

Kinga isiyodumu

Kinga ya malaria si kama ya surua. Mtoto akiugua surua mara moja akapona, aghalabu hairudii tena maisha yake yote. Malaria haina ukarimu huo. Mtu anayeumwa na mbu wenye vimelea mwaka baada ya mwaka hujenga kinga ya nusunusu: vimelea wanaweza kuwa katika damu yake naye akaendelea na shughuli zake, au akapata homa ndogo ya siku mbili. Lakini kinga hiyo hudumishwa na kule kuumwa mara kwa mara. Ukihamia mahali pasipo na malaria, inaanza kupungua, na baada ya muda wewe uliyezaliwa Nyakach au Bondo huna tofauti kubwa na mtalii aliyetoka Ulaya jana.

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ilhali Kisumu iko kwenye mita 1,100 hivi. Tofauti hiyo ni kubwa kwa kimelea. Anapokuwa ndani ya mwili wa mbu anahitaji joto ili akomae, na penye baridi ya chini ya nyuzi 18 hivi hukawia mno hata mbu akafa kabla hajaweza kuambukiza mtu. Ziwani joto lipo mwaka mzima. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa miongoni mwa watoto wa eneo la ziwa, asilimia 19 walikuwa na vimelea katika damu, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa asilimia 6. Ni kweli kwamba mjini hatari ni ndogo kuliko vijijini. Lakini mgeni asiye na kinga hahitaji kuumwa na mbu mia. Mmoja mwenye vimelea anatosha.

Na wageni hawapungui. Sherehe za Madaraka za Juni 1, 2021 zilifanyika Mamboleo, si mbali na Migosi. Desemba mwaka huo huo gari-moshi la abiria lilirudi Kisumu baada ya kukosekana kwa miaka mingi, na Mei 2022 mkutano wa Africities ulileta wajumbe kutoka bara zima hata vitanda vya mji vikatafutwa kwa tochi.

Siku ya 12

Nilikaa Nairobi siku 11 bila tatizo lolote. Siku ya 12 niliamka kichwa kikigonga, viungo vimelegea na baridi ikinitetemesha chini ya mablanketi mawili. Nilidhani ni mafua. Kesho yake nilienda kwenye zahanati moja mtaani mwangu, nikapimwa damu, nikaambiwa nina homa ya matumbo, nikapewa dawa za siku 7. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi mwezi ule, nami sikusema. Sikuona uhusiano wowote kati ya safari iliyokwisha karibu wiki mbili na homa ya leo.

Hapa ndipo pa kuangalia sana. Kipimo cha homa ya matumbo kinachotumiwa katika zahanati nyingi, kile kiitwacho Widal, mara nyingi huonyesha ugonjwa ambao haupo, hasa kwa mtu aliyewahi kuugua zamani. Mwenye malaria anaweza kupewa karatasi ya homa ya matumbo, akameza vidonge vyake kwa utiifu, huku vimelea vikiongezeka.

Siku ya tatu ya homa nilianza kutapika, na mke wangu akaona macho yangu yamekuwa ya manjano. Hospitali aliyonipeleka ilikuwa na daktari mwanamke wa makamo ambaye, kabla hata ya kunigusa, aliuliza, "Baba, mwezi huu umelala wapi nje ya Nairobi?" Nikamwambia Kisumu. Nusu saa baadaye majibu yalikuwa mezani. Nililazwa siku 4, nikichomwa sindano za artesunate kwanza, kisha vidonge.

Baadaye alinieleza hesabu yake. Mbu anapokuuma, vimelea huenda kwanza kwenye ini na kujificha huko kwa wiki moja hivi bila kukuonyesha dalili yoyote. Wakitoka humo ndipo wanapovamia chembe nyekundu za damu na homa kuanza. Kwa hivyo homa inayokushika siku ya pili baada ya kufika Kisumu haikutokana na mbu wa jana. Ile ya kushuku ni inayokuja kuanzia siku ya 7 na kuendelea. Nyingi hutokea ndani ya mwezi mmoja, na baadhi huchelewa miezi 3 au zaidi. Na kwa asiye na kinga, aina ya malaria iliyo nyingi kwetu inaweza kugeuka kuwa kali katika muda wa saa 24 tangu homa ianze. Si ugonjwa wa kusubiri Jumatatu.

Basi ukishikwa na homa katika miezi 3 baada ya kulala ziwani, mweleze daktari safari hiyo kabla hajakuuliza. Taka kupimwa malaria, kwa darubini au kwa kile kipimo cha haraka cha tone la damu. Kipimo cha kwanza kisipoonyesha kitu na homa ikaendelea, rudia. Iwapo ni malaria isiyo kali, mtu mzima mwenye kilo 35 au zaidi hupewa vidonge 4 vya AL kwa mara moja, mara 6 katika siku 3, ile ya pili ikiwa saa 8 baada ya ya kwanza. Vimeze pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, na umalize vyote hata kama homa imepoa. Kutapika kila kitu, kuchanganyikiwa, kupumua kwa shida, macho ya manjano au kushindwa kuketi ni dalili za kwenda hospitali usiku huo huo, wala si za duka la dawa.

Chumba chenyewe

Nimezungumza na watu wengi tangu hapo, na karibu kila mmoja hupima hatari kwa kelele: "Sikusikia mbu, kwa hivyo hawakuwapo." Mbu wengi wanaotupigia filimbi masikioni mjini ni wale wanaozaliwa kwenye mitaro michafu na vyoo vya shimo; hao hukera lakini hawaleti malaria. Anofelesi, ambaye ndiye mwenyewe, hupendelea maji yaliyotulia na yasiyo machafu sana: dimbwi la mvua, shimo la watengeneza matofali, alama ya kwato za ng'ombe. Huingia chumbani bila kelele nyingi na kuuma zaidi usiku wa manane, wakati wewe umeshalala. Ni jike tu anayeuma, kwa kuwa anahitaji damu ili atage mayai.

Kwa hivyo ukionyeshwa chumba, anza na neti. Ifungue yote, iinue kwenye mwanga, tafuta matundu, uone kama inafika chini ya godoro pande zote nne. Tundu dogo linashoneka. Ikiwa ni fupi, omba nyingine au omba chumba kingine. Mimi sasa hubeba yangu. Ikikunjwa haizidi ukubwa wa shati. Tazama dirisha kama lina wavu usiotoboka, na ulifunge kabla jua halijazama, si wakati wa kulala. Feni husaidia, kwani mbu haruki vizuri penye upepo na joto la ndani ya neti hupungua. Ile dawa ya kuchoma inayofanana na nyoka aliyejizungusha, usiiwashe katika chumba kilichofungwa kabisa. Moshi wake si mzuri kwa kifua. Kwa saa unazoketi nje ukila samaki, paka dawa ya kufukuza mbu miguuni na mikononi.

Wapo wanaomeza AL wanaporudi nyumbani "kujisafisha". Hiyo si kinga. Dawa za kuzuia zipo, na asiye na kinga anayekwenda kukaa ziwani anafaa kumuuliza daktari kuzihusu, hasa mwenye mimba, kwa kuwa baadhi hazimfai. Nyingine huanzwa siku 1 au 2 kabla ya safari na kuendelezwa wiki 4 baada ya kurudi, na wengi hukosea hapo mwishoni. Chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa Ndhiwa, Homa Bay, Septemba 2019 ni ya watoto wadogo. Haikuhusu wewe wa lojing'i.

Neti si jambo la kubahatisha. Utafiti mkubwa uliofanywa na KEMRI pamoja na wenzao wa CDC ya Marekani huko Asembo na Gem, Siaya, mwishoni mwa miaka ya 1990, ulithibitisha kuwa neti zilizotiwa dawa hupunguza vifo vya watoto. Tena hata nyumba zisizo na neti zilipata nafuu ikiwa ziko ndani ya mita 300 kutoka kwa majirani wenye nazo.

Nchini Japani, karibu na kila stesheni kubwa ya reli, kuna hoteli ndogo za wafanyabiashara zenye vyumba ambavyo ukinyoosha mkono kitandani unakaribia kugusa mlango. Mgeni hupata viatu vya ndani, birika na bafu la kipande kimoja, na hakuna anayewaza mbu wa malaria. Lakini visiwa vyao vya kusini vilisumbuliwa na malaria hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Na ni kampuni ya Kijapani, Sumitomo, iliyobuni neti ya Olyset yenye dawa ndani ya uzi wenyewe, ambayo ilianza kutengenezwa hapa jirani Arusha katika kiwanda cha A to Z mwaka 2003. Neti za aina hiyo hutarajiwa kudumu miaka 3 hivi. Ile ya chumba changu sidhani kama kuna aliyekumbuka iliwekwa lini.

Niliporudi Migosi miezi 2 baadaye nilimuuliza mama mwenye gesti kuhusu jambo hilo. Hakukasirika. "Baba, neti za serikali hugawiwa nyumba za watu walioandikishwa. Sisi wa kulaza wageni tunanunua," alisema. Alikuwa amenunua mpya, nyeupe, za vitanda vipana, na bado hakuwa na furaha, kwani wageni wanazifunga fundo wakidai zinawapa joto, na mmoja alikuwa ametumia yake kuanikia soksi. Wanaotoka Nairobi, akasema, humuuliza mambo matatu: maji moto, mahali pa kuegesha gari na neno la siri la intaneti.

"Wewe ndiwe wa kwanza kuniuliza neti," akasema, akaenda kuniletea sindano na uzi, kwa kuwa hata ile mpya ilikuwa imeachia kidogo kwenye mshono.