Fahamu: P0301 kwenye gari lako ina maana gani?

Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi, fundi huchomeka kifaa cha kupimia chini ya usukani na kusoma, tuseme, P0301. P ni injini na giaboksi, 0 ni msimbo wa watengenezaji wote, 3 ni uchomaji, na 01 hapa ni silinda ya kwanza: inamisi.

Marekani ililazimisha mfumo huu wa misimbo, OBD-II, kuanzia modeli za 1996.

Wengi huumia baada ya msimbo kusomwa, maana hautaji kipuri kibovu. Huenda ni plagi, koili au nozeli. Fundi makini hubadilishanisha koili ya silinda ya kwanza na ya pili. Msimbo ukigeuka P0302, koili ndiyo mbovu. Kuagiza vipuri kabla ya jaribio hilo ni kumtia mteja hasara.

Taa ikipepesa, usiendelee na safari: petroli isiyoungua huharibu katalisti.