Shilingi Moja kwa Msomaji wa Miaka 10

Katika mwezi wa Oktoba mwaka wa 1936, nchini Uingereza, mtoto mmoja mwenye umri wa miaka 10 alipewa na baba yake karatasi nyingi zilizopigwa taipu, akaambiwa azisome kisha aandike maoni yake. Jina lake Rayner Unwin. Baba yake, Bwana Stanley Unwin, alikuwa mkubwa wa kampuni ya vitabu ya George Allen & Unwin ya London, naye aliamini kwamba mtu afaaye kukihukumu kitabu cha watoto ni mtoto mwenyewe. Ujira wa kazi hiyo ulikuwa shilingi moja, ambayo siku zile ilikuwa na thamani sawa na shilingi ya Afrika ya Mashariki. Si fedha nyingi, lakini ilikuwa ujira wa haki kwa kazi ya haki, wala haikutolewa kama peremende za kumtuliza mtoto.

Karatasi zile zilikuwa hadithi ya The Hobbit, iliyotungwa na Profesa J. R. R. Tolkien, mwalimu wa Kiingereza cha kale katika Chuo Kikuu cha Oxford. Habari zake ni za hobiti mmoja, jina lake Bilbo Baggins. Mahobiti ni viumbe wafupi, kiasi cha nusu ya kimo cha mtu, wenye manyoya miguuni, wasiovaa viatu, wapendao chakula na raha ya nyumbani. Huyu Bilbo alitolewa katika starehe zake na Gandalf, mzee mwenye elimu ya mizungu, pamoja na mbilikimo 13, wakaenda safari ndefu kutafuta hazina iliyolaliwa na joka. Njiani walipambana na mazimwi na mbwa mwitu, na Bilbo alishindana kwa vitendawili gizani chini ya mlima, na kama angeshindwa angeliwa.

Rayner alieleza hadithi hiyo kwa ufupi, akasema kwamba ni nzuri, na ya kuwapendeza watoto wote wa umri wa miaka 5 hata 9. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka 10! Kila aliyepata kuishi na kijana wa umri huo atafahamu mara moja: alitaka ijulikane kwamba yeye amekwisha kuvuka daraja hiyo. Tena alisema kwamba kwa kuwa ramani zipo, picha hazina haja. Katika neno hili hakusikilizwa, maana kitabu kilitoka na picha alizochora Tolkien kwa mkono wake. Lakini katika neno lililo kubwa alisikilizwa, na tarehe 21 Septemba 1937 kitabu kilianza kuuzwa. Nakala 1,500 za kwanza zilikwisha kabla ya Krismasi.

Lakini huyo hakuwa mtoto wa kwanza kuihukumu hadithi ile. Kabla haijafika kwa mpiga chapa, Tolkien alikuwa akiwasomea wanawe nyumbani. Husimuliwa kwamba mwanawe Christopher, aliyekuwa na miaka 4 au 5 tu, alimkatiza baba yake akamwambia kwamba safari iliyopita mlango wa Bilbo ulikuwa wa rangi ya buluu, na sasa umekuwa wa kijani. Na kishada cha kofia ya Thorin, mkubwa wa mbilikimo, kilikuwa cha dhahabu, na sasa kimekuwa cha fedha. Baba alinung'unika kwa hasira, lakini aliondoka kitini akaenda kuandika masahihisho. Nani miongoni mwa wasomaji asiyelijua jambo hili? Nyanya akibadili neno moja tu katika hadithi ya sungura na fisi, mjukuu aliyedhaniwa amekwisha kusinzia huinua kichwa na kusema, "Bibi, jana hukusema hivyo." Wako wazee wadhanio kwamba hadithi ya maajabu yaweza kusemwa ovyo ovyo, kwa sababu ni ya uwongo. Watoto hawakubali. Joka watalisadiki bila taabu, lakini mlango uliobadilika rangi hawatausadiki.

Watu wazima nao walitoa hukumu zao. C. S. Lewis, rafiki wa Tolkien, aliandika katika gazeti la The Times Literary Supplement la tarehe 2 Oktoba 1937 kwamba wasomaji wadogo kabisa ndio watakaocheka zaidi, na kwamba maana iliyofichika wataiona baada ya miaka mingi, wakisoma kwa mara ya kumi au ya ishirini. Arthur Ransome, mtungaji mashuhuri wa vitabu vya watoto, alimwandikia Tolkien akilalamika kwamba Gandalf amemwita hobiti "mtu", hali hobiti si mtu. Tolkien alikubali kwamba amekosa. Huko Marekani, gazeti la New York Herald Tribune lilikipa kitabu hicho zawadi ya dola 250 katika mwaka wa 1938.

Wasomaji walipotaka habari zaidi za mahobiti, Tolkien alianza kutunga hadithi nyingine mwezi wa Desemba 1937. Sura za kwanza zilipelekwa tena kwa Rayner, ambaye sasa alikuwa na miaka 12. Zilimpendeza, lakini alisema kwamba mazungumzo ya mahobiti yamezidi kidogo. Profesa hakumkemea kijana. Alijibu kwamba ni kweli, na kwamba hana budi kujizuia.

Hadithi hiyo ilichukua miaka mingi na ikawa ndefu mno. Ilipokuwa tayari, Rayner alikuwa mtu mzima, mfanyakazi katika kampuni ya baba yake. Alihesabu gharama akaona kwamba kampuni yaweza kupoteza pauni 1,000, akampelekea habari baba yake aliyekuwa safarini Japani. Bwana Stanley alijibu kwamba, ikiwa mwanawe anaamini kuwa kazi hiyo ni ya akili isiyo na mfano, basi ana ruhusa kuzipoteza pauni hizo. The Lord of the Rings ilitolewa kwa vitabu vitatu, viwili katika mwaka wa 1954 na cha mwisho mwaka wa 1955, na pauni zile hazikupotea.