Muganga Tatu aliona nini Fizi? Somo la 1965 kwa wachimbaji

Kijana wa Baraka akivaa mupira wenye sura ya Che Guevara, pengine hajui kwamba mutu huyo aliishi karibu miezi saba katika milima yetu. Sisi wa sendika tumeona vizuri kumuongelea katika ukurasa huu. Hatuko hapa kumsifu. Alikuwa mgeni, alikuja kusaidia siasa ya mrengo wa kushoto, ikashindwa, na yeye mwenyewe aliandika kwa nini ilishindwa. Mengi aliyoandika yanatugusa sisi wenye kuingia ndani ya mashimo.

Alivuka ziwa kutoka Kigoma akafika Kibamba tarehe 24 mwezi wa nne, 1965. Alikuwa na miaka 36. Ni mzaliwa wa Argentina, alisoma udaktari, na alikuwa amekuwa ministre wa viwanda kule Cuba. Jina lake lilifichwa. Wacuba walichukua majina katika hesabu ya Kiswahili: Víctor Dreke akaitwa Moja, mwenzake Mbili, naye akaitwa Tatu. Wapiganaji wengi walimjua tu kama muganga anayetibu watu. Wacuba zaidi ya 100, wengi wao watu weusi, walikuja nyuma yake.

Wakati huo Lumumba alikuwa ameuawa tangu 1961. Wasimba walikuwa wamepoteza Stanleyville mwezi wa 11, 1964, mbele ya makomando wa Ubelgiji walioletwa na ndege za Marekani. Fizi na Baraka ilikuwa moja ya sehemu za mwisho zilizobaki mikononi mwao. Maneno yao yalikuwa mazuri: Kongo ni ya Wakongomani, utajiri wa nchi urudi kwa wenye nchi. Nani angekataa?

Lakini Tatu aliona mambo mengine. Wakubwa wa mapinduzi walikaa Dar es Salaam, Kigoma, Cairo. Laurent-Désiré Kabila alimuona kuwa mutu mwenye kipaji cha kuongoza, lakini mwezi wa saba alipofika Kibamba alikaa siku chache tu, akarudi ng'ambo. Mkubwa aliyekubali kukaa na wapiganaji, Léonard Mitoudidi, alikufa maji katika ziwa mwezi wa sita. Kila mkubwa aliyebaki alikuwa na mulima wake. Wakongomani na wakimbizi wa Rwanda waliopigana upande mmoja hawakuaminiana. Wapiganaji walikataa kubeba mizigo na walikula chakula cha mwanakijiji. Mwanakijiji naye aliogopa bunduki zote, ya serikali na ya mapinduzi.

Kisha alijiuliza swali ambalo kila kiongozi angejiuliza: tunamletea huyu mwanakijiji kitu gani? Kule Cuba walimuahidi mkulima shamba. Hapa Fizi mkulima alikuwa na shamba tayari, hakuna bwana mkubwa aliyemnyima. Neno lililowasha moto Cuba halikuwasha kitu hapa. Bendera na jina la taifa vilikuwepo, lakini faida ya mutu wa chini haikuonekana.

Kuna jambo moja aliloandika ambalo tunaomba kila msomaji alishike. Alisema hakujifunza Kiswahili vya kutosha, juu alijua Kifaransa. Kijana wa kwetu, Freddy Ilanga, ndiye aliyekuwa akimfundisha. Baadaye huyo Ilanga alisomea udaktari Cuba. Kifaransa kilimwezesha kuongea na wakubwa, lakini kilimweka mbali na wapiganaji wa kawaida. Aliandika kwamba hilo lilikuwa kosa lake.

Mwisho ulikuja haraka. Mercenaires wa Mike Hoare walishambulia Baraka kwa njia ya ziwa, na Fizi ikaanguka mwezi wa kumi. Tanzania ikaomba Wacuba waondoke. Usiku wa kuamkia tarehe 21 mwezi wa 11, Tatu alivuka kurudi Kigoma. Siku tatu baadaye Mobutu alichukua utawala.

Kuna kitu ambacho Tatu hakukiona vizuri. Alitafuta wafanyakazi wa mishahara katika eneo la vita, akaona karibu hakuna. Lakini Kamituga, kwa kampuni ya MGL, baba zetu walikuwa wamechimba zahabu tangu wakati wa Wabelgiji, na wafanyakazi wa Union Minière waligoma Élisabethville mwaka 1941 hadi wakapigwa risasi. Mfanyakazi wa Kongo hakungoja kufundishwa kugoma. Leo, kama Tatu angepita Misisi au Lubichako, angekuta maelfu wanaoishi kwa sululu na nyundo, bila mshahara na bila kontra.

Na maquis haikuisha na Tatu. Mwaka 1967 Kabila aliunda PRP katika milima hii hii, na kwa miaka mingi zahabu ya Fizi ilisaidia kuilisha. Mwaka 1997 akafika Kinshasa akiwa rais. Sisi tulibaki na RN5 ambayo kila mvua inageuka matope.

Basi tujiulize swali la Tatu kwa mambo ya leo. Anayekuja kwenye shimo na kusema anatetea nchi, au anatetea kabila, kisha anatoza kila mfuko wa mawe, anatuletea nini? Udongo ukianguka hauchagui Mubembe, Mubuyu, Mushi, Mufuliiru wala Munyamulenge. Anayetugawa kwa kabila anarahisisha kazi ya anayenunua zahabu yetu kwa bei ya chini.

Tuangalie pia upande wetu. Kodi ya madini iliyogeuzwa mwaka 2018 inamtaka mchimbaji mdogo awe na karata na awe ndani ya koperative. Sheria iko kwa Kifaransa. Statuts za koperative nazo ziko kwa Kifaransa, na wengi wanaweka kidole bila kujua wamekubali nini. Hapo ndipo tunapofanana na 1965: wakubwa wanasikilizana kwa lugha yao, na wachimbaji wanabeba mzigo.

Tunaomba mambo matatu. Statuts zisomwe kwa Kiswahili kwenye machimbo, kwa sauti, mbele ya watu, kabla ya mutu yeyote kuweka sahihi. Rais wa koperative akae pale tunapochimba, siyo Bukavu, siyo Kinshasa. Na hesabu ya feza itolewe kila mwezi mbele ya wote, pamoja na mama wanaotwanga mawe, maana nao ni wafanyakazi.

Haya hayahitaji bunduki wala mgeni kutoka ng'ambo. Mkutano ujao wa koperative yako, simama uulize: karatasi hii inasema nini kwa Kiswahili? Usikubali kukaa mpaka wamekujibu.