Maji Maangavu Si Lazima Yawe Maji Mema

Ndugu mkulima, ukitaka kujua kama maji ya bwawa lako la samaki ni mema, wafanyaje? Pengine wainama, wayateka kwa kiganja na kuyatazama. Ukiyaona maangavu, hayana tope wala harufu, wasema, "Haya ni maji mazuri." Mimi nami nilisema hivyo kwa miaka mingi. Leo nataka kukueleza jinsi viumbe wadogo kuliko kidole changu cha mwisho walivyonionyesha kosa langu.

Katika ofisi yetu ya kilimo hapa Kisii, juu ya meza iliyo karibu na dirisha, pana tangi la kioo. Urefu wake ni sentimita 60, upana 30 na kina 30, nalo huchukua maji kama madebe 3, yaani lita 54. Ndani mna mchanga, mawe mawili, majani ya maji yaliyopandwa, na uduvi wa maji baridi. Kabla ya kuwa karani nilisomea ualimu, na mtu aliyesomea ualimu haachi kutafuta kitu cha kuwaonyesha watu. Wakulima wanaongoja zamu yao huja kutazama, kisha huuliza maswali, na maswali hayo mara nyingi huishia kwenye mabwawa yao.

Uduvi hawa wametoka Ziwa Victoria. Wataalamu huwaita Caridina nilotica, na Wajaluo huwaita ochonga. Wavuvi huwapata pamoja na omena, na wakikaushwa hutiwa katika chakula cha samaki na cha kuku. Uduvi mkubwa hafiki urefu wa kidole, na mwili wake ni kama kioo, hata waweza kuona chakula kikiwa tumboni mwake. Jike hubeba mayai yake chini ya mkia mpaka yaanguliwe. Mvuvi mmoja wa Homa Bay ndiye aliyenipatia 40 walio hai, ndani ya mtungi wa plastiki.

Maji hutengenezwa kwa subira

Watu wengi hudhani kazi ya kuwafuga ni kuwapa chakula. Sivyo. Kazi kubwa ni kuyatunza maji. Uduvi anakula, analala na kunya katika maji yale yale, wala hana pa kukimbilia. Wazee walisema kweli, maji ya kifuu ni bahari ya chungu.

Uchafu wa uduvi, na chakula kilichobaki, huoza na kutoa sumu iitwayo amonia. Sumu hii haionekani kwa macho. Lakini Mungu ameweka vijidudu vidogo mno vikaavyo juu ya mchanga, mawe na majani. Vya kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu. Vya pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali mwingi, nayo ni chakula cha mimea, sawa na ile iliyomo katika mbolea ya CAN tunayotia kwenye mahindi. Majani ya maji huila nitrati hiyo yakakua, nasi twayapunguza kwa mkasi. Ni kama lundo la samadi: mbichi huunguza mche, lakini ikioza vizuri huulisha.

Vijidudu hivyo havizaliwi kwa siku moja. Kwa hiyo usitie maji leo na uduvi leo. Panda majani, tia maji, weka chembe chache za chakula zioze, kisha ngoja majuma 6. Vipo vikaratasi vya kupimia maji. Vikionyesha kwamba amonia hakuna na nitriti hakuna, hapo ndipo waweza kuwatia uduvi, wachache kwanza.

Mambo ya kushika kila juma

Chakula kiwe kidogo, kiasi cha kumalizika kwa saa mbili au tatu. Kikibaki, kitoe. Uduvi hushinda akikwangua utelezi wa kijani ulio juu ya mawe na majani, kwa hiyo hafi njaa upesi. Wengi huuawa na shibe ya mwenyewe kuliko njaa.

Kila juma toa lita 5 tu katika zile 54, urudishe lita 5 nyingine. Usiyabadili maji yote kwa mara moja. Uduvi hukua kwa kujivua gamba, na badiliko la ghafula la maji humfanya ajivue kabla ya wakati wake, akafa. Gamba tupu ukiliona chini, usilitoe, maana huwa wanalila ili wapate chokaa ya gamba jipya.

Maji ya mfereji hutiwa klorini ili kuua vijidudu, na klorini huwaua uduvi pia. Yaache katika chombo kilicho wazi siku nzima na usiku wake kabla ya kuyatumia. Maji ya mvua nayo ni laini mno, hayana chokaa. Yachanganye na ya kisima au ya mto ulio safi. Na kama bati la nyumba ni jipya, usikinge maji yake kwa kazi hii, kwa sababu zinki ya bati hudhuru uduvi.

Tena, kumbuka usiku. Mchana majani hutoa hewa njema majini, lakini usiku nayo huivuta kama sisi. Ndiyo sababu hewa ya majini huwa chache kabisa kabla ya mapambazuko. Ukiona alfajiri uduvi wamepanda wote juu, au samaki wa bwawani wanahema kwa midomo juu ya maji, ujue hewa imekwisha. Siku hiyo usiwalishe, ongeza maji mapya kidogo kidogo.

Ndoo yangu mwenyewe

Haya yote niliyashika, na baada ya mwaka mmoja uduvi wangu walizidi 60. Ikawa siku moja ndoo ya ofisi imepasuka, nikaleta yangu kutoka nyumbani. Ilikuwa ndoo niliyochanganyia dawa ya shaba ya kahawa siku ya Jumamosi. Niliisuuza mara tatu. Jumatatu jioni nikatia zile lita 5. Jumanne asubuhi nilihesabu uduvi 57 waliokufa, wamelala ubavu juu ya mchanga, wamegeuka rangi kama ya waliochemshwa.

Nikapima maji. Amonia hakuna, nitriti hakuna. Kwa macho yalikuwa maangavu kuliko siku zote. Bwana Shamba wetu alipokuja, hakulitazama tangi, aliiomba ndoo. Akapitisha kidole chini ya ukingo wake, kikatoka na vumbi la kibuluu. "Hiyo ni shaba," akasema. Gramu 1 ya shaba ikiyeyuka katika lita 1,000 za maji yatosha kuwaua uduvi. Samaki wachanga nao hudhurika, hasa katika maji laini yasiyo na chokaa. Kisha akaniuliza, "Na pampu yako ukishapiga dawa, waiosha wapi?"

Nilinyamaza. Naiosha kijitoni. Na kijito hicho, kikipita shamba langu, huingia katika bwawa la mzee jirani yangu. Mzee huyo alikuwa amekuja ofisini mara mbili kulalamika kwamba vifaranga vyake vya samaki havidumu. Mimi ndimi niliyemwandika katika kitabu, nami kwa mkono wangu niliandika: "Hawalishi vizuri."

Siwezi kuapa kwamba ni shaba yangu iliyowaua samaki wake. Lakini sikuweza kukaa kimya. Jioni ile nilikwenda kwake, nikamweleza habari ya tangi, ya ndoo na ya kijito. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi, na tuanze na ndoo yako."

Ndivyo tulivyofanya. Ndoo ya dawa tuliipaka rangi nyekundu, na haiguswi kwa kazi nyingine yoyote. Pampu sasa huoshwa shambani, na maji ya kuoshea hupigwa juu ya miche ile ile ya kahawa, mbali na kijito. Vibuyu vya dawa vilivyokwisha havitupwi majini. Jirani wengine watatu wa ng'ambo wamefuata desturi hiyo. Mzee alitia vifaranga vipya, na hata ninapoandika haya bado wanakuja juu wakisikia hatua zake. Kitabu nacho nimekisahihisha.

Sumu haikai kwenye shaba peke yake. Dawa ya pareto, ambayo sisi wa Kisii twaijua tangu maua yake, ni njema kwa kuua wadudu, na kwa mtu si kali sana. Lakini uduvi ni wa ukoo mmoja na wadudu: ana gamba, ana miguu yenye viungo, na yamwuayo mdudu humwua naye. Samaki pia hawaivumilii. Kwa hiyo usipulizie dawa ya wadudu katika chumba chenye tangi, wala kando ya bwawa upepo ukielekea majini.

Kuhusu tangi letu, nilimwaga maji yote katika shimo, nikatupa mchanga na majani, nikaanza upya. Nilingoja tena majuma 6. Nilitia uduvi 5 kwanza, nikawatazama kwa majuma mawili, ndipo nikaongeza wengine. Wewe pia ukifuga, ukachoka, usiwamwage katika mto wa mahali pengine. Kiumbe mgeni huweza kuleta ugonjwa.

Ndugu mkulima, si lazima uwe na tangi la kioo. Lakini kumbuka kwamba jicho huona tope tu, sumu halioni. Kabla hujayasifu maji ya bwawa lako, panda ukifuata kijito juu, uone ni nani aoshaye pampu yake huko. Kisha shuka ukifuata kijito chini, uone ni nani anywaye yale unayoyaosha wewe. Na ukipita ofisini kwetu, karibu dirishani. Majike wawili wana mayai sasa.