Bila Injini, Kilomita 22 Juu ya Patagonia

Ndege nyingi za abiria hupita kwenye mita 11,000 hivi. Septemba 2, 2018, juu ya Andes karibu na El Calafate, Argentina, marubani Jim Payne na Tim Gardner walifika mita 22,657 katika Perlan 2, glaida isiyo na injini hata moja.

Kilichowapandisha ni upepo. Majira ya baridi ya kusini, pepo kali za magharibi huigonga milima hiyo na kurushwa juu kwa mawimbi. Mawimbi yakikutana na pepo za kasi zinazoizunguka Antaktika, hupenya hadi stratosfia. Ndege ya Egrett iliivuta glaida hadi zaidi ya mita 12,000, ikaiachia. Yaliyobaki yalikuwa kazi ya kutafuta hewa inayopanda na kutoiacha.

Huko juu kuna kifo cha aina zaidi ya moja. Kuanzia mita 19,000 hivi, mgandamizo wa hewa ni mdogo kiasi kwamba maji huchemka kwa joto la mwili wa binadamu. Baridi nayo hufika nyuzi 70 chini ya sifuri.

Mwaka 2006, marubani Steve Fossett na Einar Enevoldson walijikinga kwa mavazi kama ya wanaanga, ndani ya Perlan ya kwanza. Walipofika mita 15,460, mavazi yalikuwa yamevimba kiasi cha kuwabana kwenye chumba chao chembamba, na kuiongoza glaida kukawa shida. Wakashuka. Ndiyo maana Perlan 2 ilijengewa chumba kisichopitisha hewa, chenye vidirisha vya duara, na mgandamizo wa ndani ukawa sawa na wa mita 4,400. Oksijeni wanayovuta marubani wake huzunguka kwenye mtambo unaochuja kaboni dioksidi.

Mwendo ni mtego mwingine. Kwa kuwa hewa ni nyepesi, kipima mwendo huonyesha kasi ndogo kuliko ile halisi. Rubani akikiamini tu, mabawa yanaweza kuanza kutetemeka hadi yakatike.

Kabla yao wote, rubani wa glaida Paul Bikle alifika mita 14,102 huko California mwaka 1961, bila vazi la mgandamizo wala chumba kilichofungwa. Ulikuwa ushujaa, lakini si mfano wa kuigwa. Upungufu wa oksijeni humlewesha rubani huku akijiona yuko sawa, kwa hiyo hata anayeruka chini ya hapo asingoje kujisikia vibaya ndipo avae barakoa.